Zera Yacob, Mhabeshi aliyekimbilia pangoni na maswali yake

Mwaka 1631 hapa Mombasa kulikuwa hakukaliki. Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme aliyechukuliwa na Wareno akiwa mdogo, akapelekwa Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, alirudi kutawala. Mwezi wa Agosti mwaka huo akaivamia Fort Jesus, akamuua kapteni wa Kireno na kurudi kwenye dini ya wazee wake. Hiyo stori wengi tunaijua. Ngome yenyewe bado iko pale, na ukitoka Mjambere ni matatu moja tu mpaka mjini kuiona.

Sasa ngoja nikupe stori ambayo pengine huijui. Miezi ile ile, mbali kaskazini mwa Uhabeshi, kulikuwa na jamaa wa miaka 31 hivi amejificha peke yake ndani ya pango. Naye pia alikuwa amekumbwa na wimbi lile lile la Wareno na mapadri wao. Tofauti ni kwamba yeye hakushika upanga. Alikuwa na kitabu cha Zaburi za Daudi na swali moja ambalo halikumpa usingizi: kila mtu ananiambia yeye ndiye mwenye ukweli, sasa mimi nitajuaje?

Anaitwa Zera Yacob, jina lenye maana ya mbegu ya Yakobo. Usimchanganye na mfalme wa Uhabeshi wa karne ya 15 aliyekuwa na jina hilo hilo. Huyu wetu hakuwa mfalme. Alikuwa mwalimu, na leo anatajwa kwenye vyuo vikuu vya dunia kama mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Afrika. Soma mpaka chini lakini, manake kuhusu huyu mtu kuna jambo ambalo sitaki nikuharibie sasa hivi.

Mtoto wa mkulima

Uhabeshi si nchi ngeni kwetu watu wa Pwani. Waliokaa chuoni utotoni wanakumbuka kisa cha Najashi, mfalme wa Habasha aliyewapa hifadhi Waislamu wa kwanza walipokimbia mateso ya Makka. Mji wa Aksum ndio uliokuwa kitovu cha ufalme ule. Na ni karibu na Aksum huko huko ambako Zera Yacob alizaliwa mwezi wa Agosti 1599, kwenye familia ya wakulima maskini.

Maisha yake tunayapata kwenye kitabu chake mwenyewe kinachoitwa Hatata. Hilo ni neno la Kigeez, lugha ya kale ya Kanisa la Uhabeshi, na maana yake ni uchunguzi. Jina tu la kitabu linakwambia jamaa alikuwa mtu wa aina gani.

Babake alimpeleka shule za kanisa. Mwanzo mambo hayakwenda. Alitakiwa ajifunze kuimba nyimbo za ibada, lakini sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, wenzake wakawa wanamcheka. Miezi michache tu akahama, akaenda kusoma sarufi na mashairi. Huko ndiko alikong'ara. Baadaye akatumia miaka 10 kusoma tafsiri za maandiko, kisha akarudi Aksum kufundisha kwa miaka minne.

Sasa hapo ndipo matatizo yalipoanza. Wakati huo mfalme alikuwa Susenyos. Mapadri Wakatoliki waliokuja na Wareno walikuwa wamemvuta upande wao, na miaka ya 1620 akatangaza kwamba nchi yote ifuate Roma. Kanisa la Kiorthodoksi la Uhabeshi lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000 tayari. Hebu fikiria watu waambiwe ghafla kwamba sala za babu zao zina makosa. Damu ilimwagika.

Zera Yacob darasani alifanya jambo moja la ajabu. Alipofundisha aya, alieleza wageni wanaifahamu vipi, kisha akaeleza wenyeji wanaifahamu vipi. Hakusema nani yuko sawa. Matokeo yake ni kwamba wageni walimhesabu mwenyeji, na wenyeji wakamhesabu mtu wa wageni. Ukikataa kuchagua timu, timu zote mbili zinakupiga. Hiyo haijabadilika mpaka leo.

Mwishowe padri mmoja aliyemwonea wivu, na ambaye alikuwa na sikio la mfalme, akapeleka maneno ikulu kwamba Zera Yacob anawachochea watu wainuke, wamuue mfalme na wawafukuze wageni. Hakuna aliyechunguza. Zera Yacob alipopata habari alitoroka usiku, akabeba dhahabu kidogo na kile kitabu chake cha Zaburi.

Picha niliyoituma

Nikifika hapa kwenye kisa chake huwa nasimama kidogo, na ntakwambia kwa nini.

Mimi ni wa Mjambere. Huku Kisauni ukiwa kijana wa kiume unajua jinsi mambo yanavyokuwa msimu wa magenge ya mapanga. Kila mtu ana hofu, kila simu inalia. Msimu mmoja hivi, kwenye grupu yetu ya maskani, ilitumwa picha ya kijana na maneno mawili matatu chini yake kwamba huyu ndiye mmoja wao. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache kabla, nakaa tu nyumbani, simu ndiyo kazi. Nikaituma kwenye magrupu mengine matatu bila hata kumaliza kunywa chai.

Alikuwa si yeye. Kijana wa watu alikuwa fundi wa simu. Jioni ile alifukuzwa na kundi la watu mpaka akaingia nyumba ya mama mmoja mtu mzima, na mama huyo akasimama mlangoni akakataa kuwapisha. Wiki ile akahamishiwa kwa mjombake Kilifi. Sijawahi kumwomba msamaha, manake mpaka leo hajui kwamba mimi nilikuwa mmoja wa waliotuma.

Kwa hivyo ninaposoma kwamba mtu alisingiziwa, wakubwa wakaamini bila kuuliza, akakimbia usiku na kitabu chake, sisomi kama historia ya mbali. Nasoma nikijua mimi ningekuwa upande gani.

Miaka miwili pangoni

Zera Yacob alikwenda mpaka karibu na mto Takkaze. Akapata pango zuri kwenye bonde lisilo na watu, akalizungushia mawe kuzuia wanyama wakali. Akakaa miaka miwili. Siku nyingine alitoka kwenda vijijini, na watu walidhani ni mtawa aliyejitenga kwa ibada, wakampa chakula. Hawakujua anatoka wapi.

Kule ndani alisali na kuwaza. Maswali yake ukiyasikia utashangaa, manake ni yale ambayo wewe na mimi tumewahi kuyawaza usiku stima zikipotea, tukaogopa kuyasema. Mungu yupo kweli? Kama yupo, mbona anaacha watu wabaya wawatese wengine kwa jina lake? Mimi nikimlilia, ananisikia?

Kuhusu Mungu alifikia jibu. Aliwaza hivi: mimi sikujiumba, wazazi wangu nao hawakujiumba, na ukirudi nyuma hivyo hivyo lazima ufike kwa asiyeumbwa. Kwa hivyo Zera Yacob hakuwa mtu wa kukana Mungu. Aliomba kila siku maisha yake yote.

Shaka yake ilikuwa kwa watu. Aliona kwamba ukimuuliza wa dini hii atakwambia yake ndiyo ya kweli, na wa dini ile atakwambia hivyo hivyo. Wote wana uhakika sawa, na wote hawawezi kuwa sahihi kwa mambo yanayopingana. Sasa nani awe hakimu kati yao, na kila hakimu ana upande wake? Akasema wengi wetu hatukuchagua tunachoamini. Tumekirithi kama nyumba, na hatujawahi kupanda juu kukagua paa. Na sababu aliyoitoa ni rahisi kabisa: kuchunguza kunachosha, kuamini ni haraka.

Jibu lake lilikuwa kwamba Mungu amempa kila mtu mwanga wa akili, na mwanga huo ndio wa kupimia unachoambiwa. Amri ikija, iulize kama inaendana na jinsi Muumba alivyoviumba vitu. Kwa kipimo hicho aliyakosoa mambo mengi. Alianza na Kanisa lake mwenyewe, hasa saumu zake na fikra kwamba utawa ni bora kuliko ndoa, kisha akazigusa na dini nyingine. Hapo kila msomaji atapata mahali pa kukasirika, hata mimi nilipata. Lakini kuna moja ambalo leo hakuna wa kulipinga. Alisema kumuuza binadamu kama mnyama ni dhuluma, kwa sababu sote tumeumbwa sawa. Hiyo ni karne ya 17, wakati misafara ya watumwa ikipita Uhabeshi na majahazi yakiwabeba watu Pwani hii yetu.

Mwalimu wa Enfraz

Mwaka 1632 Susenyos alichoka na vita, akamwachia kiti mwanawe Fasilides, na kabla mwaka kuisha akafa. Fasilides alirudisha dini ya zamani na kuwafukuza mapadri wa Kireno. Zera Yacob akatoka pangoni.

Alifika Enfraz, mji ulio upande wa Ziwa Tana, akapokewa na tajiri mmoja aitwaye Habtu. Akawa anapata riziki kwa kunakili vitabu kwa mkono, hasa Zaburi, na kuwafundisha watoto wa nyumba ile kusoma. Mmoja wao, Walda Heywat, ndiye aliyekuja kuwa mwanafunzi wake mkubwa.

Kisha kuna kisa cha ndoa yake, ambacho mimi nakipenda kuliko hata falsafa. Kulikuwa na msichana anayeitwa Hirut, mfanyakazi wa nyumba ile. Hakusifika kwa urembo, lakini alikuwa na akili, tabia njema na subira. Zera Yacob alipomposa, Habtu akamwambia basi tangu sasa awe mtumishi wako. Zera Yacob akakataa. Alitaka mke, si mtumishi, kwa sababu mume na mke ni sawa katika ndoa. Pia akataka Hirut aulizwe mwenyewe kama anakubali. Aliulizwa, akakubali. Wakaishi pamoja na kupata mtoto wa kiume. Ni miaka karibu 400 iliyopita, na bado kuna harusi mtaani kwetu ambazo bibi harusi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Fikra zake hakuzitangaza barazani. Alijua watu wangemfanya nini. Aliishi na majirani kimya kimya, akifanya kazi yake, na wao walimwona Mkristo kama wao. Ilikuwa ni Walda Heywat aliyemsihi miaka mingi aziandike, na mwaka 1667, akiwa na miaka 68, akaandika Hatata. Alifariki mwaka 1692 akiwa na miaka 93. Mwanafunzi wake akaongeza maneno ya kumaliza, kisha naye akaandika Hatata yake.

Wenzake wa Ugiriki na Ufaransa

Mtu wa kuuliza hivi hakuanza na Zera Yacob. Baba wa shaka kwenye vitabu vya falsafa ni Mgiriki Pyrrho wa mji wa Elis, aliyefariki takriban mwaka 270 kabla ya Kristo. Alifuatana na jeshi la Alexander mpaka India, akakutana na wenye hekima wa kule, akarudi na msimamo kwamba kila hoja ina hoja ya kuipinga, kwa hivyo bora usikate hukumu, utapata utulivu wa moyo. Hakuandika chochote. Watu walisimulia kwamba rafiki zake walikuwa wakimshika mkono asije akagongwa na mkokoteni, manake hata mkokoteni hakutaka kuuamini. Pengine ni chumvi tu, lakini wenyeji wa Elis walimheshimu mpaka wakamfanya kuhani wao mkuu.

Halafu kuna Mfaransa René Descartes, aliyeamua kutilia shaka kila kitu mpaka apate kitu kimoja kisichotikisika. Kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1637. Yaani Mhabeshi alikuwa ametoka pangoni miaka mitano kabla. Ndiyo maana wengi wakimtaja Zera Yacob wanamwita Descartes wa Afrika.

Lakini watazame vizuri. Pyrrho alitilia shaka ili atulie. Descartes alitafuta elimu iliyo imara. Zera Yacob alitilia shaka kwa sababu watu walikuwa wanauana huku kila upande ukiwa na uhakika. Kwake lilikuwa jambo la shingo yake.

Sasa lile jambo

Nilikwambia usubiri. Ni hivi: kuna wasomi wanaosema Zera Yacob hakuwahi kuwepo.

Hatata ilijulikana na dunia miaka ya 1850. Mmisionari mmoja Mwitaliano, Giusto da Urbino, aliyekuwa akiishi Uhabeshi, alisema ameipata huko, akampelekea Antoine d'Abbadie, msomi aliyekuwa akikusanya vitabu vya Kigeez. Nakala mbili za mkono zimehifadhiwa Paris, kwenye Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na zote zilipitia mikononi mwa Giusto. Mwaka 1920 msomi Mwitaliano, Carlo Conti Rossini, akatoa hoja kwamba Giusto ndiye aliyeitunga. Alisema fikra zake zinafanana mno na za Ulaya ya karne ya 18, na kuna Mhabeshi aliyesimulia kwamba Giusto aliiandika mwenyewe. Tena Giusto kabla ya utawa aliitwa Jacopo, yaani Yakobo. Jina la kitabuni na jina lake ni moja.

Upande wa pili alisimama Claude Sumner, Mkanada aliyefundisha falsafa Addis Ababa kwa miaka mingi. Miaka ya 1970 alilinganisha kitabu na maandishi ya Giusto, akaonyesha kwamba mawazo na mtindo havifanani, na kwamba Hatata ya mwalimu na ile ya mwanafunzi zina sauti mbili tofauti. Wapo pia wanaosema Kigeez cha kitabu kile ni cha mtu aliyekulia ndani yake. Mwaka 2023 ilitoka tafsiri mpya ya Kiingereza ya Hatata zote mbili, na ubishi umewaka upya. Haujaisha.

Nilipojua haya mara ya kwanza nilikasirika. Nikasema hawa Wazungu hawawezi kukubali Mwafrika awe na falsafa, lazima wamtafutie baba Mzungu. Na kweli, hiyo dharau ipo, imeandikwa kwenye vitabu vyao wenyewe. Lakini baadaye nikajiuliza, hasira yangu ni ushahidi wa nini? Mimi nataka Zera Yacob awe kweli. Nataka sana. Nataka niwaambie wenzangu wa maskani kwamba kabla ya Descartes tulikuwa na wetu. Na kile ninachotaka sana kiwe kweli ndicho kile kile ninachokituma bila kukisoma mara mbili.

Ile picha ya fundi wa simu niliituma kwa sababu iliendana na hofu yangu. Kisa cha Zera Yacob ningekituma kwa sababu kinaendana na fahari yangu. Hofu na fahari zote ni Susenyos, zinaamini mtu wa karibu bila kuuliza.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Nikipima hoja za pande zote, naegemea kwamba alikuwepo, kwa sababu mwalimu na mwanafunzi wanasomeka kama watu wawili, na maisha ya kanisa la Kihabeshi yamo ndani ya kitabu kuliko mgeni wa miaka michache angeweza kuyabuni. Lakini nimesema naegemea, sijaapa. Ukileta karatasi ya kunionyesha vingine, nitaisoma. Nadhani yeye mwenyewe asingetaka nimfanyie zaidi ya hapo. Mtu aliyetufundisha tusirithi imani kama nyumba, itakuwa ajabu tukimrithi yeye bila kukagua paa.

Juzi hapa picha nyingine imeingia kwenye grupu. Kijana tofauti, maneno yale yale. Niliuliza nani amempiga picha, wapi, na lini. Nikaitwa majina, mmoja akauliza kama mimi ni wakili wa wezi, mwingine akaniuliza niko upande gani. Dakika 20 hivi zikapita, hakuna aliyejibu, na aliyeituma akaifuta.

Mwaka huu nikipata nauli nitakwenda Kilifi. Kuna fundi wa simu huko nina maneno naye.